Ajali Ndogo za Jiko la Presha

Jiko la presha la umeme ni sufuria iliyowekwa ndani ya pipa dogo la plastiki na chuma, yenye kifuniko kinachofungwa kwa kuzungushwa, mpira unaozuia mvuke kutoka, na kichwa cha umeme kinachohesabu dakika bila kusahau. Huivisha maharage makavu kwa chini ya saa moja ya presha, nyama ya ng'ombe kwa nusu saa, na makongoro kabla jirani aliyewasha mkaa asubuhi hajafikiria kuonja. Sifa hizo ni za kweli. Ajali zake nazo ni za kweli, na hufanana sana toka nyumba moja hadi nyingine, kiasi kwamba zinaweza kuelezwa kwa mpangilio, kuanzia siku ya kufungua boksi hadi siku mpira wa kifuniko unapoanza kunuka utumbo. Chanzo cha nyingi ni kimoja: jiko ni jipya, lakini mpishi huingia nalo jikoni akiwa na mazoea ya sufuria. Sufuria huchunguliwa, huongezwa maji, hukorogwa na hukemewa. Jiko la presha halipokei lolote kati ya hayo.

Maji kwenye sufuria ya kawaida, pale Dar es Salaam au Tanga, huchemka yakifika nyuzi joto 100 za Selsiasi, na yakishafika hapo hayapandi tena hata moto uchochewe kwa hasira ya namna gani. Mkaa unaoongezwa baada ya hapo huzidisha mvuke tu. Jiko la presha huufungia mvuke huo ndani. Ukikosa njia, mgandamizo hupanda, na maji hufikia nyuzi joto 115 hivi. Nyongeza ya nyuzi 15 inaonekana ndogo, lakini kwa kadirio la jumla, mabadiliko yanayolainisha chakula huongeza kasi maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo maana kazi ya saa tatu huisha ndani ya saa moja. Mgandamizo ukitosha, swichi iliyo ndani ya pipa hukata umeme, ukishuka, huurudisha. Hakuna kupepea, hakuna kuchochea, na hakuna mtoto wa kutumwa mkaa wa kuongezea.

Chombo chenyewe si kigeni duniani. Mfaransa Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679, akachapisha kitabu chake mwaka 1681, na mwaka 1682 akawaandalia wajumbe wa Royal Society mlo wa jioni ambao ndani yake mifupa ya ng'ombe na kondoo ilikuwa imelainika hadi kulika. Papin ndiye pia aliyebuni vali ya usalama, na sababu iliyomfanya aibuni inaweza kukisiwa bila msaada wa wanahistoria. Majiko ya umeme ya aina hii yalikuja zaidi ya karne tatu baadaye. Nchini Tanzania yameingia kwenye mazungumzo ya serikali pia: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mkakati unazungumzia nishati. Yanayotokea kati ya jiko na mpishi yameachiwa wao wenyewe.

Boksi likifunguliwa, kitabu cha maelekezo ndicho hutoka kwanza, na ndicho hurudishwa ndani kwanza. Boksi lenyewe hupandishwa juu ya kabati la nguo, ambako hutunzwa kwa heshima kuliko jiko, kwa sababu lina picha ya jiko likiwa safi. Kisha mpishi hukutana na vitufe. Vimepangwa kwa fikra za kiwandani: supu, uji, keki, mtindi, kuku, wali. Kitufe cha makande hakipo. Cha mbaazi hakipo. Asiyekiona chakula chake hubonyeza kinachokaribiana nacho, na ndivyo makande yanavyopikwa kama keki. Siri ya vitufe hivyo ni ndogo. Vingi hufanya kazi ileile ya kupandisha mgandamizo na kuushikilia kwa dakika zilizopangwa kiwandani. Anayejua dakika za chakula chake hupanga muda mwenyewe, na majina ya vitufe hayamhusu.

Ajali ya kwanza kwa uzito ni ya kumwaga maji pasipo na sufuria. Sufuria ya ndani hutolewa ikaoshwe, na baada ya kuoshwa huachwa ikauke pamoja na vyombo vingine. Pipa hubaki mezani, wazi, na chini kabisa kuna sahani ya chuma inayong'aa ambayo, kwa mtu mwenye haraka, ni kitako cha sufuria kisicho na shaka. Maharage na lita mbili za maji hushuka moja kwa moja juu ya sahani hiyo na kuzifuata nyaya zilizo chini yake. Ajali hii hupenda alfajiri, na hupenda zaidi watu waliolizoea jiko, kwa kuwa mgeni wa jiko bado huangalia anachofanya. Dawa yake ni kuchomoa waya kabla ya kitu kingine chochote, kupindua pipa, kufuta, kuliacha likauke siku kadhaa, kisha kumwonyesha fundi. Kulianika kwa saa nne na kuliwasha jioni ileile ili kuona kama bado linafanya kazi ni njia ya uhakika ya kugundua kwamba halifanyi.

Sufuria ikiwa mahali pake, swali linalofuata ni maji. Mpishi wa mkaa hupima maji ya aina mbili bila kujijua: ya chakula, na ya kuliwa na moto. Kwenye jiko la presha moto hauli chochote, kwa hiyo maji yaliyoingia ndiyo yatakayokutwa. Mchuzi uliopimwa kwa mazoea hutoka mwepesi kiasi kwamba vipande vya nyama huonekana vimesimama mbalimbali, kila kimoja na shughuli zake. Wali ndio huumia zaidi. Mchele unaopewa vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele kwenye sufuria hutosheka hapa na kikombe kimoja au kimoja na robo. Asiyeamini huongeza kidogo kwa ajili ya usalama, na mchele wa Kyela uliosifiwa sokoni kwa harufu na kwa kuchambuka hutoka bokoboko. Hata ukitoka vizuri, nyumba yenye watoto hugundua hasara ambayo haikuandikwa kwenye boksi: hakuna kupalia makaa juu ya kifuniko, na hakuna ukoko wa kugombania.

Kosa la upande wa pili ni uchache. Mvuke hutengenezwa na maji, hivyo majiko mengi hudai angalau robo lita ya kitu cha majimaji. Nyanya zilizopondwa na kukaangwa hadi zikakauka hazihesabiki. Pilau hasa ina mtego wake: vitunguu vikishakaangwa hadi rangi ya kahawia, na viungo vikishagandia chini, kifuniko hufungwa juu ya tabaka hilo bila kulikwangua. Chini huungua kabla mvuke haujatosha, kihisi joto hushtuka, jiko hukata umeme na kuonyesha onyo kwenye kioo. Onyo huwa ni herufi na tarakimu, ambazo maana yake iko kwenye kitabu, ambacho kiko kwenye boksi, ambalo liko juu ya kabati. Maji kidogo na kukwangua kwa mwiko wa mbao kabla ya kufunga humaliza tatizo hilo lote.

Kiasi cha chakula nacho kina mpaka. Mistari iliyochorwa ndani ya sufuria haikuwekwa kwa ajili ya urembo: chakula na maji visizidi theluthi mbili, na kwa vitu vinavyovimba au kutoa povu, yaani maharage, choroko, dengu na mchele, visizidi nusu. Maana yake, jiko lililonunuliwa kwa jina la lita sita ni la lita tatu siku ya maharage. Familia yenye watu tisa huupokea ukweli huo kwa uchungu na hujaza hadi juu. Povu hupanda, huziba njia ya mvuke, na vali inapofunguliwa hutoa mchuzi badala ya mvuke, kuelekea dari. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu. Hakipunguzi idadi ya watu, na kwa watu tisa dawa ni awamu mbili.

Muda ndio sura yenye malalamiko mengi. Kitabu kinaposema nyama ya ng'ombe ni dakika 30, hakidanganyi, ila kinahesabu sehemu moja kati ya tatu. Kwanza kuna kupanda: dakika 10 hadi 15 za kupasha maji hadi mgandamizo ukamilike, na zaidi ya hapo kama sufuria imejaa au nyama imetoka kwenye friza. Wakati huo saa ya jiko haihesabu chochote. Kisha zinakuja dakika 30 zenyewe. Mwisho kuna kushuka, yaani kuuacha mgandamizo upungue wenyewe, dakika nyingine 10 hadi 20. Jumla inakaribia saa moja. Mwenyeji anayewaambia wageni saa sita na nusu kwamba nyama itakuwa mezani saa saba kamili kwa sababu ana jiko la kisasa hulazimika kuwaonyesha albamu ya picha za harusi, kisha ya kipaimara, na wageni wenye njaa kweli huonyeshwa hadi za shule ya msingi. Kinachookolewa na jiko hili, mbali na saa, ni miguu. Hakuna wa kusimama karibu nalo. Mpishi huweza kufua, kuoga, au kwenda dukani na kurudi, mambo ambayo maharage ya mkaa hayamruhusu.

Baadhi ya watu hawapendi ruhusa hiyo. Jiko likikaribia kukamilisha mgandamizo, mvuke mwembamba hufoka pembeni mwa kipini kidogo kilicho kwenye kifuniko. Kipini huruka juu, mpenyo huzibika, na jiko hunyamaza. Waliozoea presha za zamani za kuweka juu ya moto, ambazo hupiga filimbi na mpishi akazihesabu, huukuta ukimya huo haueleweki. Mama mkwe aliyekuja kusalimia hulisogelea, hulitegea sikio, na mazungumzo huwa haya au yanayokaribiana nayo:

"Mwanangu, hiki chombo kimezimika."

"Hapana mama, kinapika."

"Kinapikaje na hakichemki?"

"Kinachemka ndani kwa ndani, mama."

"Haya, hebu kifunue nione."

Hapo fizikia huingia kumwokoa mkwe. Kifuniko cha jiko la lita sita kina upana wa sentimita 22 hivi. Mgandamizo wa kilopaskali 70 unaokisukuma kutoka ndani ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 250. Juu ya hilo, kipini kilichoruka hushikilia komeo la kifuniko. Hakifunuki kwa mikono ya mtu mmoja, wala kwa ya shemeji aliyeitwa sebuleni aje asaidie. Bisibisi haifai hata kutajwa. Kifuniko kinachogoma hakijaharibika. Kinatoa taarifa kwamba ndani bado kuna mvuke. Kipini kikishuka chenyewe, kifuniko huzunguka kwa vidole viwili, na shemeji hujipatia sifa isiyo yake.

Mvuke hutolewa kwa njia mbili. Ya polepole ni kuuacha upoe, nayo hufaa kwa nyama, ambayo ikitolewa mvuke kwa ghafla hukauka, na maharage, ambayo huchanika maganda. Ya haraka ni kufungua vali, nayo hufaa kwa mboga na vitu vinavyoharibika vikizidishiwa muda. Njia ya haraka ina masharti yake: jiko lisikae chini ya kabati la vyombo, wala karibu na pazia, wala mahali anapopita mtoto, na vali isukumwe kwa mpini wa mwiko, si kwa vidole. Mvuke unaotoka hapo huunguza kabla haujaonekana vizuri.

Sharti la tano halimo kwenye kitabu chochote na linahusu nyumba za kupanga. Nyama kwenye jiko la mkaa hutoa harufu yake kidogo kidogo tangu asubuhi, na wapangaji wenzake na mpishi huizoea. Jiko la presha huihifadhi harufu yote, kisha huitoa kwa dakika moja, saa saba mchana, uani. Milango sita hufunguka kwa pamoja. Mmoja anaomba chumvi, mwingine anarudisha ungo alioazima mwaka jana, wa tatu hana sababu na hatafuti. Nusu kilo ya nyama iliyokusudiwa watu watatu hugawanywa kwa hesabu mpya. Wenye hekima huuacha mvuke ushuke wenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Vali iliyofunguliwa lazima irudishwe, na hapa ndipo ajali ya kimya kuliko zote hutokea, japo yenyewe ina kelele. Mpishi husahau kuifunga. Katika mapishi yanayofuata, mvuke wote hutoka nje. Jiko huvuma kwa bidii na dirisha hulowa, hivyo kila mtu huamini kwamba leo ndiyo linapika kweli. Saa yake haianzi kuhesabu kamwe kwa kuwa mgandamizo haukamiliki. Maji yakiisha, chini huungua na juu hubaki mbegu. Kanuni ni fupi: jiko likivuma zaidi ya robo saa, lina tundu mahali, ama vali, ama mpira uliovaa vibaya.

Vyakula navyo vina tabia zake. Maharage makavu yasiyolowekwa huhitaji dakika 35 hadi 45 za mgandamizo. Yaliyolala kwenye maji usiku kucha hutosheka na 10 hadi 15. Magadi hayahitajiki. Kwenye sufuria magadi yalikuwa na sababu, kwa kuwa hulainisha ganda. Ndani ya presha huyageuza maharage kuwa uji wenye rangi ya kutia mashaka, na huharibu vitamini B1 njiani. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kwa namna ambayo dakika za kawaida haziyagusi. Muuzaji atasema ni ya msimu huu. Jiko litasema ukweli, ila baada ya saa nzima.

Mahali pia huchangia. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na Njombe ni chini kidogo ya hapo, ndiyo maana maharage ya huko huzeekea jikoni. Jiko la presha husaidia sana nyanda hizo, lakini nalo huathirika, kwa sababu mgandamizo wake hujengwa juu ya ule wa hewa ya mahali. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 baada ya mita 600 za kwanza. Dakika 30 za Dar es Salaam huwa kama 35 za Mbeya. Dada aliyeko Temeke anayemtumia mdogo wake wa Mbeya vipimo kwa simu, kisha akamwambia hajui kupika, anadaiwa na mdogo wake msamaha wa asilimia kumi na nane.

Makande ya mahindi yaliyokobolewa, yakilowekwa pamoja na maharage yake, huchukua dakika 45 hadi 60 na hutoka kama yaliyopikwa tangu alfajiri. Kuku huhitaji uchunguzi wa ukoo kabla ya kupangiwa muda. Jogoo wa kienyeji aliyetembea uwanja mzima wa kijiji hudai dakika 30 hadi 40. Kuku wa kisasa hutosheka na 10 hadi 12, na akipewa muda wa jogoo hutoka bila umbo. Mapaja hayawezi kugawiwa kwa wakubwa kwa kuwa hayajulikani yalipo. Nyama na ndizi za mtori haziingii pamoja: nyama hutangulia kwa dakika zake, mvuke hutolewa, ndizi hufuata kwa dakika chache. Zikiingia wakati mmoja, ndizi huvurugika, mchuzi huwa mzito, hugandia chini, na onyo la kioo hurudi.

Tui la nazi hungoja mlango ufunguliwe. Mbaazi huiva kwanza kwa maji na chumvi, kifuniko huondolewa, kisha tui jepesi, kisha tui zito, jiko likiwa kwenye kitufe cha kukaangia, na kukoroga kunaendelea kama kawaida ya pwani. Tui zito likifungiwa ndani ya presha hukatika, mafuta yakaenda juu na machicha laini yakabaki chini, na mpishi hulazimika kuwaeleza wakwe wa Tanga kitu ambacho wakwe wa Tanga hawaelezeki.

Umeme nao una sura yake. Jiko la wati 1,000 hutumia nguvu zote wakati wa kupanda tu. Baadaye huwaka na kuzima, na pipa lake hutunza joto. Sufuria ya maharage huisha kwa nusu uniti au pungufu, ambayo kwa matumizi ya kila siku ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa wateja wa TANESCO walio kwenye bei nafuu ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hesabu hiyo inastahili kuangaliwa. Hata hivyo, mita ya LUKU ikilia usiku, jiko ndilo hushtakiwa kwanza kwa kuwa ndilo jipya. Pasi inayonyoosha sare za watoto wanne kwa saa nzima hubaki pembeni na uso wa malaika.

Kwenye hatari za umeme, ekstensheni ndiyo mkosaji wa kweli mara nyingi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba wati 3,000 hivi. Jiko la wati 1,000, birika la 2,000 na pasi ya 1,000 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja iliyonunuliwa barabarani, huanza kunuka plastiki, na kila mmoja ndani ya nyumba hudhani ni chakula cha mwenzake. Jiko lipewe soketi yake ya ukutani.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, jambo la kwanza si kufunua. Mgandamizo ukiwa umeshapanda, pipa hutunza joto na chakula huendelea kuiva kwa muda. Majiko mengine hukumbuka dakika zilizobaki umeme ukirudi. Mengine huamka na kuuliza upya. Tahadhari moja haina mzaha: maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibika yakichemka kikweli kwa angalau dakika 10. Yakikatikiwa umeme kabla ya kuchemka na kushinda vuguvugu, sumu hubaki, na tumbo hulipa. Hayo huchemshwa upya kikamilifu, au hayaliwi.

Baada ya kula huja kuosha. Pipa halizamishwi kwenye beseni. Hufutwa kwa kitambaa. Kifuniko huoshwa pamoja na vali yake, kwa kuwa ganda moja la harage lililojibanza pale linatosha kuvuruga mapishi ya kesho. Mpira hutolewa, huoshwa na kuanikwa, na hapo watoto huuona. Mpira wa kifuniko, machoni pao, una ukubwa kamili wa usukani wa daladala, na hupatikana jioni ukiwa mtaa wa pili, gari likiwa limejaa abiria. Mpira uliorefushwa kwa safari hizo haushiki mvuke tena. Hata usiposafiri, hunyonya harufu: utumbo wa Jumamosi hujitokeza kwenye wali wa Jumapili. Wenye uwezo huweka mipira miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa vingine, na huibadilisha kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili.

Vimebaki vyakula ambavyo jiko hili halikuumbiwa. Ugali hauhitaji presha, unahitaji mkono. Ukisongwa kwenye sufuria ya ndani, ambayo haikushikizwa popote, sufuria huzunguka pamoja na mwiko na msongaji hukimbizana nao, huku rangi ya ndani ikichubuka na kuingia kwenye mlo. Kuihamishia sufuria hiyo kwenye jiko la mkaa ili itulie ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu kitako chake hubonyea, na sufuria iliyobonyea haikai tena sawasawa juu ya sahani ya joto. Chapati na maandazi hutaka mafuta au chuma kikavu, wala mafuta ya kukaangia hayafungiwi ndani ya presha kwa hali yoyote. Mchicha huiva kwa mvuke wa kujifungia tu, kabla kipini hakijaruka. Samaki huiva kwa dakika mbili tatu. Akipewa kumi, mpishi hufunua na kukuta mchuzi mzuri wenye harufu kamili ya samaki, na miiba ya kuthibitisha kwamba alikuwemo.